Kilo Zako Ni Zipi? Mwongozo Kamili wa Kupanga Mazoezi ya Nguvu Bila Kumtazama wa Pembeni

Jimu yetu ya kwanza ilikuwa uani, chini ya mwembe, na vyuma vyake havikuwa vyuma. Yalikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege, mawili mawili, yameunganishwa kwa bomba la maji. Kila kopo lilikuwa na namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe: 10, 15, 20. Kwa miaka miwili tulibishana juu ya namba zile. Nani kasukuma arobaini kifuani, nani kaishia thelathini, nani aende akacheze bao na wazee. Mimi nilikuwa na miaka 38, wenzangu wengi hawajafika 25, na kila jioni nilirudi nyumbani na hesabu ya aibu kichwani.

Siku moja mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na mzani wake wa kuning'iniza. Kwa utani tukapima. "Ishirini" moja ilikuwa kilo 17.5, mwenzake wa upande wa pili kilo 19. "Kumi" haikufika tisa. Bomba lenyewe, ambalo hatukuwahi kulihesabu, lilikuwa na kilo 6. Ubishi wote ule ulikuwa juu ya namba za uongo. Hata mimi niliyejiona nimeshindwa sikujua nimeshindwa kwa kilo ngapi, na bega langu la kulia lilikuwa limeshauma miezi minne kwa ajili ya namba hizo hizo.

Yaliyomo humu ni yale niliyoanza kuyafanya baada ya mzani ule. Ni kwa ajili ya anayeanza, au aliyeanza akaumia, au aliyeacha kwa kuona wenzake wamemwacha mbali. Huhitaji jimu. Madumu ya maji yanatosha, na kwa jambo moja yanashinda vyuma, nitalieleza mbele.

Hatua ya 1: Andika unataka nguvu ya nini

Chukua daftari, hata la hesabu la mtoto lililobaki kurasa. Usiandike "nataka mwili mzuri", maana mwili huo tayari una mfano kichwani mwako na mfano huo una sura ya mtu mwingine. Andika kazi. Kitu ambacho mikono na miguu yako inatakiwa kukifanya siku ya kawaida, na sasa kinakushinda au kinakuchosha kupita kiasi.

Bibi wa miaka 68 anaweza kuandika: kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta, na kupanda daladala kabla konda hajagonga bodi. Mama lishe: kuinua sufuria kubwa ya wali kutoka kwenye jiko la chini bila kiuno kukaza. Mtu wa ofisini: kumpandisha mtoto aliyelala hadi ghorofa ya tatu, na kukaa saa nane bila mgongo kuwaka moto.

Halafu yupo kuli wa sokoni. Ukimtazama utasema huyu hahitaji mazoezi, amebeba magunia tangu alfajiri. Ni kweli na si kweli. Mzigo wake unakaa bega lile lile kila siku na unamkandamiza chini; misuli ya kuvuta, ile ya katikati ya mgongo, haipati kazi ya kutosha, na upande wa pili wa mwili umezoea kusindikiza tu. Anachohitaji ni mazoezi mafupi ya kuvuta, kazi kidogo ya upande uliolala, na usingizi. Mpe ratiba ya siku sita ya baunsa uone. Wiki ya pili utamkuta amekaa kivulini ameshika kiuno. Ratiba ileile inaweza kumfaa kijana anayekaa kwenye kiti mchana kutwa. Ndiyo maana ukurasa huu wa kwanza unakuja kabla ya zoezi lolote.

Hatua ya 2: Afya kwanza, kwa ufupi

Pima presha. Ikiwa juu yake ni 180 au zaidi, au chini yake ni 110 au zaidi, usiinue kitu mpaka umwone daktari. Kwa presha iliyopanda kidogo au inayotulizwa kwa dawa, mazoezi ya nguvu yana faida, lakini usibane pumzi: toa pumzi unaposukuma au kunyanyua, vuta unaporudisha. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla, na awe na kitu kitamu karibu. Aliyejifungua asubiri uchunguzi wa baada ya uzazi, ambao kwa kawaida huwa karibu wiki ya sita. Aliyepasuliwa aulize waziwazi ni lini anaruhusiwa kubeba vizito. Mkojo ukivuja unaporuka au kunyanyua, jambo hilo lina tiba. Lipeleke kliniki, usilifiche.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, ngiri, mgongo unaopeleka ganzi mguuni: daktari kwanza.

Hatua ya 3: Pima mwili wako, si wa jirani

Vipimo ni vitano na vyote vinafanyika nyumbani. Vifanye siku moja, ukiwa umelala vizuri, na uandike majibu pamoja na tarehe.

Kukaa na kusimama. Tafuta kiti kigumu cha kulia chakula, kiegemeze ukutani kisiteleze. Kunja mikono kifuani. Kwa sekunde 30 simama kikamilifu na ukae, tena na tena. Hesabu. Usipoweza hata mara moja bila mikono, andika "na mikono", kisha idadi.

Kusukuma. Anza kwa kusukuma ukuta. Ukifika mara 12 kirahisi, hamia kwenye meza imara, kisha kwenye kiti kilichoegemea ukuta, kisha sakafuni. Mahali ambapo unaweza mara nane hadi kumi na mbili bila kiuno kulegea, hapo ndipo kwako. Andika: "meza, mara 9".

Kuvuta. Chukua dumu la lita 5 lililojaa maji. Mkono mmoja uegemee kwenye benchi au kitanda, mgongo uwe sambamba na sakafu, vuta dumu hadi ubavuni. Hesabu kila upande peke yake. Usishangae mikono ikitofautiana; kwa wengi hutofautiana.

Kubeba. Madumu mawili, moja kila mkono, utembee hadi vidole vianze kufunguka. Hesabu hatua. Andika na ujazo wa madumu.

Kusimama kwa mguu mmoja. Karibu na ukuta, kila mguu, hadi sekunde 30.

Mitandaoni yako majedwali yanayosema mtu wa umri wako apate ngapi kwenye kipimo cha kiti. Mhudumu wa afya ana sababu ya kuyatumia. Wewe kwa sasa huna. Namba zako za leo zina kazi moja tu, kusubiri namba zako za wiki ya kumi na mbili.

Hatua ya 4: Jua uzito halisi wa vifaa vyako

Hapa nina kidonda changu, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 na dumu lenyewe huongeza kama kilo moja. Mchanga mkavu ni mzito zaidi, karibu kilo 1.6 kwa lita, kwa hiyo dumu la lita 5 la mchanga ni kama kilo 8, na mchanga ukiwa mbichi hupanda zaidi. Zege ni karibu kilo 2.4 kwa lita. Kopo la rangi la lita 4 likijaa hukaribia kilo 10. Hiyo ndiyo hesabu. Lakini kopo huwa halijazwi hadi ukingoni, zege la mtaani lina mapengo, na fundi aliyeandika "20" alikuwa anakadiria. Peleka vifaa vyako kwenye mzani wa kweli mara moja tu, wa mashine ya kusaga au wa muuza mkaa, kisha andika namba ya kweli.

Jimu ya kulipia nayo ina mitego yake. Fito, yaani chuma kirefu cha kupachikia uzito, ya mashindano ya Olimpiki kwa wanaume ni kilo 20 na kwa wanawake ni kilo 15, ila baadhi ya fito za jimu ni fupi na nyepesi kuliko hizo. Mashine za kamba hutofautiana kabisa: "30" ya mashine hii inaweza kuwa nyepesi kuliko "20" ya ile, kwa sababu ya idadi ya kapi na msuguano. Mtu akikuandikia kwenye WhatsApp kwamba anavuta hamsini, hujui chochote bado.

Sasa lile jambo ambalo madumu yanavishinda vyuma: unaweza kuongeza nusu lita. Jimu nyingi hurukia kilo mbili na nusu au tano kwa mkupuo, na kwa anayeanza na kilo 6, kuruka hadi 8.5 ni zaidi ya theluthi ya uzito wote. Kwa dumu unaongeza maji ya chupa moja ya soda ya nusu lita. Kasoro yake ni kwamba maji yasiyojaa huchezacheza na kukuyumbisha. Dawa yake ni mchanga, au dumu dogo lililojaa pomoni badala ya kubwa lililojaa nusu.

Hatua ya 5: Tafuta "kumi" yako

Katika miaka ya 1940, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa na wadi za askari waliorudi vitani wakiwa na magoti yaliyoumia na mapaja yaliyonyauka. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwafanyisha mazoezi mepesi, mara nyingi sana. Yeye, ambaye ujanani alijirudishia nguvu kwa kunyanyua vyuma baada ya kuugua, akawavalisha kiatu cha chuma chenye uzito na kutafuta kwa kila askari mzigo anaoweza kuunyanyua mara kumi, usiofika kumi na moja. Mzigo huo ndio uliokuwa msingi wa hesabu. Mwaka 1948 yeye na mwenzake Arthur Watkins waliandika mpango wa raundi tatu za mara kumi: ya kwanza kwa nusu ya mzigo ule, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa mzigo kamili. Raundi tatu za mara kumi zinazopigwa leo Tandale, Kisauni na kila mahali zina mizizi pale.

Kilichosahaulika njiani ni jinsi mzigo ulivyopatikana. Askari wa kitanda cha kwanza hakupewa kilo za askari wa kitanda cha pili. Kumi ilikuwa ya goti lake, na hata goti la kushoto na la kulia la mtu mmoja yangeweza kuwa na kumi mbili tofauti.

Tafuta yako hivi. Kwa kila zoezi, anza na uzito unaojua hauwezi kukushinda. Nyanyua mara kumi. Pumzika dakika mbili hadi tatu. Ongeza kidogo. Ukifika mahali ambapo ya nane, ya tisa na ya kumi zinapungua mwendo zenyewe bila wewe kupenda, simama. Jiulize: ningelazimishwa, ningeongeza ngapi? Ukijibu "mbili au tatu", huo ndio uzito wako wa kazi. Ukijibu "saba", ni mwepesi. Ukijibu "hata moja isingepanda", punguza. Kufika ukutani kabisa si lazima kwa mtu anayejenga msingi, na hapo ndipo watu huumia.

Wiki tatu za mwanzo acha akiba ya mara nne. Misuli huzoea haraka kuliko kano, na kano zako hazina mdomo wa kulalamika mapema.

Hatua ya 6: Chagua mazoezi matano na uyakate yakutoshe

Mwili una miendo michache mikubwa: kuchuchumaa, kuinama na kuinua, kusukuma, kuvuta, kubeba. Chagua zoezi moja kwa kila mwendo. Matano yanatosha kwa mwaka mzima wa kwanza.

Kuchuchumaa ndiko kunakoleta maneno mengi, kwa sababu kila jimu ina mjuzi wa kukuambia "kifua juu, miguu sambamba, shuka mpaka chini". Tazama mifupa yako kwanza. Mtu mwenye mapaja marefu na kiwiliwili kifupi lazima aelekeze kifua mbele zaidi anaposhuka, la sivyo ataanguka chali. Huo ni usawa wa mwili tu, kama unavyoegemea mbele ukiwa umembeba mtoto mgongoni. Matundu ya nyonga nayo hayafanani: kuna anayeshuka vizuri miguu ikiwa karibu, kuna anayehitaji kuipanua na kuelekeza vidole nje. Jaribu upana wa namna tatu, kila mmoja mara tano bila mzigo, na uchukue ule ambao magoti hayalalamiki na visigino havinyanyuki. Visigino vikiendelea kunyanyuka, weka kipande cha ubao chembamba chini yake. Kama kwenda chini kabisa kunauma, kaa kwenye kiti na usimame. Nalo ni kuchuchumaa.

Kuinama na kuinua: dumu katikati ya miguu, nyonga zinarudi nyuma kama unayefunga mlango kwa makalio, mgongo umenyooka, kisha simama. Wenye mikono mirefu hupata nafuu hapa, mzigo wao una safari fupi. Hao hao watateseka kwenye kusukuma kifuani, ambako mkono mrefu maana yake ni safari ndefu. Mwenye mikono mifupi ni kinyume chake. Nimeona marafiki wawili wakidharauliana kwa zamu, huyu Jumatatu, yule Alhamisi, kumbe mshindi alikuwa ni urefu wa mkono.

Kusukuma: pale ulipoishia kwenye kipimo. Meza si aibu. Wanawake wengi huanza juu zaidi kwa sababu kwa wastani sehemu ndogo zaidi ya misuli yao iko juu ya kiuno, na wakidumu nao hushuka hadi sakafuni. Anayeogopa kuamka siku moja amekuwa baunsa aondoe hofu: misuli ya namna ile huchukua miaka, chakula kingi na kazi ya makusudi, na mwili wa mwanamke una homoni ya kuijenga kidogo sana ukilinganisha na wa mwanamume.

Kuvuta na kubeba: kama kwenye kipimo. Kwa kuvuta, anza na mkono dhaifu, kisha wenye nguvu ufanye idadi ileile, usizidishe.

Hatua ya 7: Panga wiki

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu ya misuli yote mikubwa siku mbili au zaidi kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya nguvu na usawa wa mwili siku tatu au zaidi. Siku mbili, basi. Anayekuambia bila siku tano hufanyi kitu anakueleza maisha yake.

Kwa mtu wa ofisini: Jumanne na Ijumaa, mazoezi yote matano, raundi mbili za mara nane hadi kumi na mbili kwa mwezi wa kwanza, kisha raundi tatu. Dakika tano za mwanzo kupasha mwili moto kwa kutembea na kuchuchumaa bila mzigo. Apumzike dakika mbili baina ya raundi. Yote hayazidi dakika arobaini na tano.

Kwa bibi yetu: mara tatu kwa wiki, dakika ishirini. Kukaa na kusimama raundi mbili, kusukuma ukuta, kuvuta dumu la lita 2 au 3, kubeba vidumu viwili kuzunguka uwanja, na kusimama mguu mmoja huku kidole kikigusa ukuta. Mtu awe karibu siku za mwanzo.

Mama lishe amesimama tangu saa kumi na moja alfajiri. Jioni mwili umekwisha. Kwake naona heri siku mbili ambazo biashara ni ndogo, na mkazo kwenye kuinama na kuinua, ili sufuria ile ya wali iwe nyepesi kuliko dumu lake. Na kuli: kuvuta raundi tatu, kuchuchumaa kwa taratibu bila mzigo raundi mbili, kubeba kwa mkono usio wa kazi. Kusukuma aache kabisa kwa mwezi. Robo saa, na aende kulala.

Hatua ya 8: Ongeza pale mwili unaposema

Kanuni ya zamani ya makocha: ukiweza kuzidisha mara mbili juu ya idadi uliyopanga katika raundi ya mwisho, kwa siku mbili za mazoezi mfululizo, ndipo uongeze uzito. Uliandika kumi, umepata kumi na mbili Jumanne, ukapata kumi na mbili tena Ijumaa: ongeza nusu lita au lita moja. Uzito mpya utakurudisha hadi nane au tisa. Ndivyo inavyotakiwa.

Wiki nne hadi sita za mwanzo nguvu hupanda haraka huku kioo kikiwa kimya. Wakati huo ubongo na neva ndivyo vinavyojifunza kuita misuli uliyonayo. Misuli yenyewe kunenepa huonekana baadaye. Watu wengi huacha hapa hapa, wamejitazama kwenye kioo badala ya daftari. Baadaye mwendo hupungua na utakaa wiki tatu kwenye uzito mmoja. Kaa.

Maumivu ya misuli yanayokuja siku moja hadi tatu baadaye ni ya kawaida. Maumivu makali ya papo hapo, ya kwenye kiungo, au yanayozidi kila siku si ya kawaida. Kuna jambo moja zaidi ambalo vijana wa mashindano ya pushapu na kichurachura hawaambiwi: mtu asiyezoea akijilazimisha mamia kwa siku moja, misuli inaweza kuvunjika kiasi cha kuziba figo. Misuli ikivimba na kuuma kupita kiasi na mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Siku ambazo mpango haufai

Umepata usingizi wa saa nne tu kwa sababu mtoto alikuwa na homa: fanya raundi moja, uzito uleule, uondoke. Siku za hedhi wengine huwa na nguvu zao zote, wengine hawawezi kuinama. Andika kwenye daftari miezi mitatu uone mwili wako una desturi gani. Ukitoka kwenye malaria, subiri homa iishe kabisa na hamu ya kula irudi, kisha anza na nusu ya uzito na usiwe na haraka ya kurudi ulipokuwa.

Ramadhani inawasumbua wengi bure. Nguvu uliyokwisha kuijenga hailindwi kwa kazi nyingi, inalindwa kwa uzito. Punguza raundi hadi moja au mbili, punguza siku hata ibaki moja kwa wiki, ila usipunguze kilo sana. Wengine hufanya saa moja kabla ya futari ili maji yawe karibu, wengine baada ya tarawehe. Mimi ni wa baada ya tarawehe, kwa sababu kabla ya futari huwa sina subira na mtu wala dumu.

Hatua ya 10: Sahani

Protini ndiyo matofali. Gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha anayejenga nguvu; mtu wa kilo 60 ni kati ya gramu 72 na 96. Yai moja ni kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, glasi ya maziwa 8, na dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Mikopo ya kununua poda ya protini ya kopo kubwa sijawahi kuielewa wakati dagaa wapo. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza.

Hatua ya 11: Jinsi ya kuwa katikati ya watu

Kutojilinganisha hakuji kwa kuamua tu. Panga mazingira. Kwenye jimu, ukichukua mashine kutoka kwa aliyeweka kilo nyingi, shusha hadi namba yako ya daftari bila kuomba radhi wala kueleza. Akisema mtu "ongeza bwana, hiyo ya mtoto", jibu ninalotumia ni "leo daftari limesema hii." Hana wa kubishana naye. Fika saa za watu wachache kama unaona macho yanakulemea. Saa nne asubuhi kuna wazee na wagonjwa wa mgongo, kundi zuri sana.

Simu ifunge mpaka umalize. Video za watunisha misuli zina taa, pembe ya kamera, misuli iliyotoka kujazwa damu dakika mbili zilizopita, na nyingine zina sindano za homoni zisizosemwa. Ukitaka kurekodi, jirekodi wewe, kwa pembe ileile kila mwezi, utazame kama kifua kinashuka vilevile na magoti hayaingii ndani.

Mkifanya na mwenzako, shindaneni kwa siku mlizohudhuria. Hiyo ni namba pekee ambayo mikono mirefu haiisaidii.

Wiki ya 12

Rudia vipimo vitano, kwa kiti kilekile, meza ileile, madumu yaleyale. Andika pembeni ya namba za zamani. Kisha rudi kwenye ukurasa wa kwanza: ile kazi uliyoiandika imekuwaje? Kama imekuwa nyepesi, andika nyingine. Kama bado, tazama ni zoezi gani kati ya matano lililo karibu nayo na uliongezee raundi moja, ukipunguza kwingine.

Makopo yetu ya zege bado yapo chini ya mwembe. Tuliyapaka rangi upya, na sasa yameandikwa 17.5, 19, 8.7, na bomba limeandikwa 6. Kijana mgeni akija huuliza kwa nini namba zimekaa vibaya hivyo, na yule atakayekuwa karibu humpa kalamu.